Meko Yasiyotoa Moshi

Mimi kwa kushuku watu sijambo. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akiniambia kwamba hata maziwa yake niliyanusa kwanza kabla ya kunyonya. Kwa hiyo nilipotoka Tanga kwenda Doha kufanya kazi za ndani, nilifika nimejiandaa. Nilimshuku wakala, nikamshuku dereva aliyekuja kunipokea, nikalishuku hata godoro nililopewa, nikaligeuza mara mbili kabla ya kulilalia. Dereva huyo, Mkenya mwenye maneno mengi, alinitazama akacheka, akasema, "Dada, hii nyumba ni poa. Usijali." Nikamshuku zaidi.

Nyumba yenyewe ilikuwa Umm Salal, kwenye mashamba ya mitende, na ukuta wake ulikuwa mrefu kiasi kwamba jirani ungemjua kwa sauti ya jogoo wake tu. Mwenye nyumba tulimwita Baba. Mkewe tulimwita Madam. Mama mzazi wa Baba, kikongwe mwenye macho makali na miguu iliyochoka, kila mtu alimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, na mimi niliajiriwa kwa ajili yake. Kumwogesha, kumvisha, kumtawadhisha, kumpikia kahawa, kumsikiliza. Alikuwa na upande wake wa nyumba, chumba cha kulala na sebule ndogo inayotazama bustani, na ndani ya sebule hiyo, ukutani, mumewe marehemu alikuwa amemjengea meko ya mawe yenye dohani iliyopanda hadi juu ya paa.

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba Doha kuna baridi huwa wanadhani natia chumvi. Ipo. Mwezi wa kwanza upepo ukivuma kutoka jangwani unavaa soksi mbili na bado unajikunyata. Mama Kabira alizaliwa katika hema na alikulia pembeni ya moto, na hakuna hita ya umeme iliyoweza kumpasha. Alitaka kuni. Dereva alizinunua barabarani, kuni za samri, ngumu kama mifupa, na mimi nilizipanga na kuziwasha kabla ya magharibi. Kutoka kwenye moto ule nilichukua makaa ya chetezo cha udi, na pembeni yake nikaliweka dele la kahawa yenye iliki na zafarani.

Kahawa alinifundisha mwenyewe. Kumimina kwa mkono wa kushoto, finjani kwa mkono wa kulia, kidogo tu chini ya kikombe, maana kujaza ni kama kumwambia mgeni anywe aondoke. Na kikombe cha kwanza anakunywa anayemimina, mbele ya macho ya mgeni. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia kwamba zamani watu waliuana kwa kahawa, kwa hiyo mwenyeji anatangulia kunywa ili mgeni ajue hakuna kitu ndani yake. Nilimpenda kuanzia siku hiyo. Nilikuwa nimefika kwa watu wanaonielewa.

Maneno ya gesi aliyaleta Madam. Dada yake alikuwa amehamia kule Pearl, kwenye ghorofa lenye dirisha linalotazama mashua za matajiri, na sebuleni kwake kulikuwa na meko ya gesi. Madam alirudi kutoka huko amebadilika. Ghafla dari ya Mama Kabira ilikuwa nyeusi, mapazia yalinuka moshi, wageni walikuwa wanakohoa. Dari kweli ilikuwa nyeusi, sisemi uongo, na mimi ndiye niliyekuwa naisugua. Lakini nilimtazama Madam kwa jicho la pembeni, nikajiuliza huyu anataka nini hasa. Mimi na Mama Kabira tulikaa pale kila jioni tukiongea mambo yetu, na nilijua kwamba Madam halipendi hilo.

Mama Kabira alikataa. Alisema moto usio na kuni ni televisheni. Baba akawa katikati, akimkubalia mama yake asubuhi na mkewe jioni. Mwishowe kilichoamua ni kifua cha Mama Kabira, kwani alikohoa mwezi mzima baada ya majira ya vumbi na daktari akamkataza moshi. Wakati wa joto, kuni zilizobaki zilirundikwa nyuma ya jiko, na fundi akaitwa kutoka Sanaiya, kule kwenye karakana za viwandani.

Nilisimama mlangoni nikamtazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakunipendeza. Alikuwa na haraka, na simu yake haikukoma kulia. Alitoboa ukuta, akapitisha bomba la shaba kutoka nje ulipowekwa mtungi, akalaza ndani ya meko chuma chenye matundu, akakifunika mchanga, na juu yake akapanga magogo ya bandia, ya udongo wa kuchoma, yaliyochorwa magome na mafundo kama mti wa kweli. Alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, akatazama kama linatoa mapovu, halikutoa. Akawasha. Moto ukatoka wa njano, mzuri, ukicheza katikati ya magogo yale ya uongo. Madam alifurahi mpaka akashika mikono ya mkwewe.

Mama Kabira aliuliza swali moja tu. "Na moshi?"

"Mafi dukhan, Mama," fundi akasema. Hakuna moshi.

Baba naye akarudia kwamba hakuna moshi. Madam akarudia. Ikawa ndiyo sifa ya kitu kile, kila mgeni aliambiwa hakuna moshi. Mimi nilichoogopa ni mtungi. Kule kwetu niliwahi kuona nyumba ya jirani imeondoka na paa lake kwa sababu ya mtungi, kwa hiyo kila jioni kabla ya kuwasha nilizunguka nje nikaunusa kama paka. Haukuvuja hata siku moja. Koki ilikuwa nzima, mpira ulikuwa mzima. Nikaona basi, kwa upande wa gesi tuko salama, na nikageuzia macho yangu kwa watu.

Baridi ilipoanza na moto ule ukawa unawashwa kila jioni, Mama Kabira alianza kuumwa kichwa.

Mwanzoni alisema ni macho. Kisha akaanza kusinzia kabla ya isha, yeye ambaye zamani ungemwomba alale. Angesimulia kisa, akafika katikati, akanyamaza mdomo ukiwa wazi. Mashavu yake yalikuwa mekundu, na Baba akasema alhamdulillahi, mama amenenepa. Mimi pia kichwa kilinigonga, lakini nani anauliza kichwa cha mfanyakazi. Nilikunywa panadoli nikaendelea. Jioni moja nilikwenda jikoni nikatapika kwenye sinki, na nilipoinua uso Madam alikuwa amesimama mlangoni.

Alinitazama tumbo.

Kesho yake nilipelekwa zahanati nikatolewa damu. Nililia njia nzima ndani ya gari, kwa hasira, si kwa woga, kwa sababu sikuwa nimetoka nje ya ule ukuta mwezi mzima isipokuwa kwenda kutupa taka. Dereva alinipa karatasi za kufutia uso kwa kuzipitisha nyuma bila kugeuka, na kwa mara ya kwanza hakusema neno. Majibu yalirudi safi. Madam aliyakunja akayatia mkobani, na nilidhani ataniambia japo pole. Badala yake alikaa akafikiri, na nikaona kabisa usoni mwake kwamba kama si mimba basi ni jambo jingine, na hilo jingine ni baya zaidi.

Sasa, ukilitazama jambo lile kwa macho yake, lilikuwa linaeleweka. Mama mkwe wake aliumwa jioni tu, anapokuwa na mimi. Mchana alikuwa mzima. Siku ya Ijumaa, wana na wajukuu wanapojaa sebuleni mpaka watoto wanakanyaga mapazia, moto ule ule uliwaka na Mama Kabira akacheka na kugawa peremende mpaka saa ya kulala. Wageni wakiondoka na mimi kubaki naye, mlango ukifungwa, anaanza kuzimika. Nani angelaumu gesi? Wa kulaumiwa nilikuwa mimi.

Alianza na sanduku langu. Nilirudi kutoka kufua nikakuta nguo zimekunjwa kwa namna ambayo mimi sikunji. Majani makavu ya mwarobaini aliyonifungia shangazi yangu kwa ajili ya tumbo hayakuwepo. Nilijua yanaonekanaje majani yale mikononi mwa mtu anayekutafuta. Katika nyumba zile, msichana wa Kiafrika akikutwa na kifurushi cha majani na mzee anaumwa, watu hawaulizi ni ya nini. Wanasema sihri, uchawi, na nilishasikia hadithi za wenzangu walioingia gari la polisi na viatu vya ndani miguuni. Hilo ndilo lililonikaa rohoni kuanzia siku ile. Mama Kabira akifa, mimi ndiye niliyemuua.

Kisha akaja kwenye kahawa. Alikuwa anasimama mlangoni jioni, mikono imekunjwa, akisubiri nimimine kikombe cha kwanza.

"Kunywa," alisema. "Yalla."

Nikanywa.

"Meza."

Alisubiri mpaka ameona koo langu limeshuka. Ile adabu niliyofundishwa na Mama Kabira, iliyonifurahisha, sasa ilikuwa askari. Mama Kabira aliona, akamtazama mkwewe, akasema, "Binti anajua kazi yake. Mwache." Madam aliondoka lakini mlango aliufunga taratibu mno.

Nami sikuwa nimelala. Nilianza kuzihesabu ishara zangu. Ufunguo wa stoo ya kahawa na iliki ulikuwa kwa nani? Kwa Madam. Waliokunywa kahawa ile kila jioni ni akina nani? Mimi na Mama Kabira. Walioumwa ni akina nani? Mimi na Mama Kabira. Siku ya Ijumaa kahawa ya wageni ilipikwa jikoni kwenye dele kubwa, na siku hiyo hatukuumwa. Machale yalinicheza mpaka nywele zikasimama. Tena niliwahi kumwona kwa macho yangu, amesimama kwenye kona ya ukumbi, anadondosha matone kutoka kichupa cheusi kwenye maziwa ya mkwewe, na aliponiona akakifunika kwa kiganja. Nyumba ile ilikuwa imeandikwa jina la Mama Kabira, hilo hata mtunza bustani alilijua. Mwanamke anayetaka dari nyeupe anaweza kutaka na mengine.

Kwa hiyo jioni tuliketi wanawake watatu, kila mmoja na lake, na katikati yetu magogo ya udongo yanawaka bila kuisha.

Niliamua kutomeza. Nilipiga funda mbele ya Madam, nikashusha koo kwa ujanja, nikaibakiza kahawa chini ya ulimi mpaka aondoke, kisha nikaitema kwenye chungu cha ua kilichokuwa dirishani. Kwa Mama Kabira nilijifanya nimekosea iliki, nikamwaga dele zima, nikampa maji ya moto na tangawizi. Nilijipa moyo kwamba sasa ataamka. Akazidi kulegea. Kichwa changu nacho hakikupona, na hilo halikuingia akilini, lakini mtu akishapata jibu lake hapendi kulibadilisha. Nilisema sumu ya kwanza bado iko mwilini.

Madam alinikamata siku ya tatu au ya nne. Hakuwa ameondoka, alikuwa amejibanza nyuma ya pazia la ukumbi. Nilipoinamia chungu cha ua nikasikia sauti yake nyuma yangu, ya chini kabisa.

"Kwa nini unaitema?"

Nilijipangusa mdomo kwa upindo wa mtandio.

"Wewe uliyeipika, kwa nini unaitema?"

Aliingia akalibeba dele, akalimwaga lote bustanini. Aliniambia nisimguse tena mama mkwe wake, wala chakula chake, wala nguo zake. Baba alikuwa safarini. Akirudi Jumapili, alisema, yeye na mimi na kifurushi cha majani tutakwenda polisi. Mama Kabira hakusikia lolote. Alikuwa amelala kwenye mito, saa moja usiku, uso mwekundu.

Nilijifungia chumbani kwangu. Nilimpigia simu shangazi, nikakata kabla hajapokea, ningemwambia nini? Dereva aligonga akaniletea chai kwenye kikombe cha bati. Nilimwambia yote, maana sikuwa na mwingine. Alisikiliza akasema, "Huyu madam wetu hawezi fanya kitu kama hicho, dada. Ni mkali tu." Nikamuuliza kama mimi naweza. Akasema, "Wewe pia hapana." Nilikasirika. Lazima awe mmoja wetu.

Jumamosi jioni Madam aliingia sebuleni kwa mkwewe akiwa na kahawa aliyoipika kwa mkono wake. Kulikuwa na vumbi jingi tangu mchana, madirisha yamefungwa na kuzibwa kwa taulo chini, kama tulivyozoea. Alipita mbele yangu ukumbini bila kunitazama, akaingia, na nikasikia ufunguo ukizungushwa kwa ndani. Mara mbili. Hajawahi mtu kufunga mlango ule kwa ufunguo.

Nilikwenda nikakaa uani, kwenye ngazi ya jikoni, mahali ambapo ningeweza kuona mwanga wa dirisha la sebule. Kupitia kioo moto ulikuwa unacheza kwenye pazia. Nilisikia televisheni, tamthilia ile ya Kikuweti waliyoipenda wote wawili. Nilisikia Mama Kabira akicheka mara moja. Kisha sauti zao zikapungua, ikabaki televisheni peke yake.

Adhana ya isha ikaanza.

Ukimtunza mtu, kuna vitu mwili wako unavisubiri. Adhana ya isha ilipoanza, kila siku ya Mungu, hata awe anaumwa namna gani, Mama Kabira aliniita nimtawadhishe. "Ya binti!" Angeita hata kama nimekaa pembeni yake. Hata katika zile jioni za kusinzia, adhana ilimfumbua macho. Adhana ikaisha. Hakuita. Nilijisemea kwamba Madam ndiye anayemtawadhisha leo. Nikasikiliza maji. Hakukuwa na maji.

Niligonga mlango. Niliita Mama Kabira, kisha Madam, kisha kwa jina la Mwenyezi Mungu. Televisheni ilinijibu kwa tangazo la sabuni. Hapo nikaamini. Amemmaliza, nikasema moyoni, amejifungia amemmaliza, na kesho atasema ni yule Mwafrika na majani yake.

Nataka hili lieleweke, kwa sababu baadaye watu walinisifu na sifa zile zilinikera. Sikufanya nilichofanya kwa akili wala kwa kujua. Nilifanya kwa dhana mbaya. Nilikwenda nyuma ya jiko, nikachomoa gogo la samri kwenye rundo la kuni zilizosahauliwa, nikarudi kwenye dirisha la sebule na kulipiga kwa nguvu zangu zote, nikikusudia kumkuta mwanamke yule akiwa na mto mkononi.

Kioo kilimwagika. Hewa iliyonijia usoni ilikuwa nzito, ya moto, imetulia, na haikunuka kitu. Niliingiza kichwa. Mama Kabira alikuwa kwenye mito yake, ameinamisha kidevu. Madam alikuwa sakafuni katikati ya njia ya kwenda mlangoni, amelala kifudifudi, mkono mmoja umenyooka. Finjani yake ilikuwa imebingirika kwenye zulia. Alikuwa ameshajua, akajaribu kufika kwenye ufunguo.

Nilipiga kelele, dereva akaja mbio miguu peku. Tulipita dirishani, tukajikata wote wawili. Alifungua mlango, nikamkokota Madam kwa mabega, yeye akambeba Mama Kabira kama mtoto, tukawalaza uani kwenye baridi na vumbi. Madam alitapika. Sijawahi kufurahi kumwona mtu akitapika kama nilivyofurahi pale, kwa sababu maiti haitapiki. Mama Kabira alichelewa. Nilimshika uso, nikamwita kwa sauti aliyozoea kuniita mimi, mpaka akafumbua jicho moja akauliza kwa nini tuko nje.

Gari la wagonjwa liliwachukua. Baada yake wakaja watu wa zimamoto. Mmoja alifunga koki ya mtungi, akaingiza kifaa kidogo sebuleni kikalia kama mtoto, akatutoa wote nje mpaka kiliponyamaza. Ndipo alipopiga magoti mbele ya meko, akamulika tochi juu, ndani ya dohani. Alitazama sana. Kisha akaingiza ndoano yenye mpini mrefu, akavuta, na kikashuka kitu kizito pamoja na masizi. Gunia la mchele, na ndani yake blanketi lililokunjwa vizuri.

Dereva alikuwa amesimama kando yangu, anafunga kidole chake kitambaa. Alilitazama gunia lile mpaka midomo ikamkauka.

"Hiyo ni yangu," alisema.

Kila mwaka, vumbi likianza, Mama Kabira alimwagiza apande juu ya paa azibe dohani kwa gunia, isije kushusha mchanga na njiwa sebuleni. Kila mwaka, kabla ya moto wa kwanza wa baridi, alimwagiza apande alitoe. Alifanya hivyo tangu alipofika nyumba ile. Na kama angesahau siku moja, moshi ungejaa sebuleni kwa dakika chache na wote wangemtukana, na angepanda mbio kulitoa. Mimi sikuwahi hata kujua kwamba liko, nilikuta dohani imeshafunguliwa kila nilipoambiwa niwashe.

"Lakini mwaka huu hakuna mtu aliniambia nitoe," alisema, ananiangalia mimi kama mimi ndiye hakimu. "Si walisema ni gesi? Si walisema haina moshi? Sasa ningetoa ya nini? Nikaona afadhali ikae, vumbi isiingie."

Fundi hakutazama juu. Baba hakuuliza. Mama Kabira, ambaye aliagiza kila mwaka, hakuagiza, kwa sababu yeye aliagiza kwa ajili ya kuni. Na ile hewa mbaya inayotoka kwenye moto wowote, ambayo zamani moshi ungeionyesha mbele ya macho yetu, ikabaki chumbani na sisi kila jioni, haina rangi, haina harufu. Ijumaa milango ilikuwa wazi na watoto wanapita. Siku nyingine tulijifunga vizuri kwa sababu ya baridi, mimi na mzee wangu, tukanywa kahawa nzuri isiyo na kosa lolote.

Kile kichupa cheusi kilikuwa mafuta ya habasoda. Nilikiona kwenye meza ya hospitali, Madam alimwomba dereva akilete. Alikuwa anamficha mkwewe kwa sababu mkwewe hapendi ladha yake. Nami majani yangu ya mwarobaini niliyakuta kwenye kitanda changu siku Baba aliporudi kutoka kumwona mkewe hospitalini, kwenye kifurushi kile kile, na fundo lile lile la shangazi.

Walirudi nyumbani baada ya siku chache. Mama Kabira aliamuru mtungi uondolewe hata kabla hajavua viatu. Dereva alipakia magogo ya udongo kwenye pikapu, na nilisugua masizi, nikapanga samri kama zamani. Aliniambia niwashe mapema. Moshi kidogo ulirudi chumbani, ukatuingia machoni, akakohoa na kunitazama kwa furaha.

Madam aliingia wakati makaa yameshakolea. Alikuwa amepungua, na alikuwa ameshika ukuta. Tangu waliporudi hatukuwa tumesemeshana ila salamu. Nilisimama kulichukua dele, kwa mazoea, nikijua atasimama mlangoni. Akanitangulia yeye. Alilishika kwa mkono wa kushoto, akachukua finjani kwa mkono wa kulia, akamimina kidogo chini. Kisha akageuka kunitazama mimi, si mkwewe, akanywa, akaniacha nione koo lake likishuka.

Akamimina kikombe cha pili akaniletea pale nilipokuwa. Mama Kabira alikuwa ametulia kwenye mito yake, anachokoa moto kwa koleo kana kwamba haoni.

Nilipokea kwa mkono wa kulia. Nikakinusa. Si kwa kusudi, ndivyo nilivyo, mkono ulikileta puani kabla sijafikiri. Madam aliniona nikikinusa, na nilimwona ameniona, na uso ulinichoma kwa aibu. Lakini hakuondoka. Alibaki amesimama mbele yangu na dele mkononi, akasubiri mpaka nimemeza.